Fulana Tatu Safi

Kituoni wananiita Mama Povu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalipenda jina hilo. Nalipenda. Nafua mashuka, mablanketi, mapazia, aproni na vitambaa vya kufutia midomo vya kituo cha kulelea watoto wachanga, mwaka wa kumi na tisa huu, na kabla ya hapo nilifua mashuka ya wodi hospitalini kwa miaka saba. Chumba changu kiko nyuma, kati ya jiko na ukuta wa jirani. Kina mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia inayokoroma, sinki la zege, meza ya kupigia pasi, na dirisha moja linalotazama koridoni, mkabala na mlango wa chumba cha wachanga. Wenzangu wanasema najisifu. Wangefua wao basi, tuone.

Mimi si mtu wa kubembeleza, na ni vizuri mlijue hilo mapema. Wanangu watatu niliwaachia jirani wakiwa na miezi mitatumitatu, nikaenda kazini bila kugeuka nyuma, na wote sasa ni watu wazima wenye akili zao timamu. Hakuna aliyenipa ratiba. Siku hizi mtoto haachwi, mtoto anazoeshwa. Mkuu wetu, mama mwenye simu mbili na miwani inayoning'inia kifuani, amebandika ukutani karatasi ndefu iitwayo Ratiba ya Kuzoea, yenye siku kumi. Siku ya kwanza mama anakaa chumbani na mtoto saa nzima. Siku ya tatu anatoka dakika kumi, anasimama koridoni akijitia anasoma matangazo. Siku ya sita anaondoka kabisa, saa mbili nzima, na kwenye kila siku mlezi anachora uso unaocheka au uso ulionuna. Watu wazima wenye vyeti, kazi yao kuchora nyuso.

Mlezi wa chumba cha wachanga tunamwita Shangazi. Ni mfupi, mpana, na anazungumza polepole mpaka unatamani kumsukuma maneno yamtoke. Kazi anaijua, hilo simnyimi. Akiingia chumbani vitoto vinageuza shingo. Lakini ana mambo yake. Mwaka jana nilimkuta na mdoli wa kitambaa, mweusi kwa mate na vumbi, kitoto kimoja kikiunyonya sikio, na yeye anatazama tu kwa tabasamu. Niliuchukua mdoli ule kwa koleo la nguo za moto, nikaupeleka moja kwa moja mezani kwa Mkuu. Mdoli ukatupwa, kitoto kikalia siku tatu, na Shangazi hakunisemesha mwezi mzima. Nilimwambia mpishi kwamba mwezi ule niliufurahia.

Kuna sheria moja mnapaswa kuijua. Tangu mwaka ule wa kunguni, mfuko wa mtoto mgeni, kwa siku zake kumi za kwanza, unapita kwangu kabla ya kuingia chumbani. Mzazi anauacha pale mapokezi, naletewa, nakagua mishono, nanusa, kilicho kichafu nakifua, na saa tatu asubuhi mfuko unakwenda kwa Shangazi. Wazazi hawaambiwi, wasije wakaona wametukanwa. Walezi nao wanadhani napitisha macho tu. Hawajui ninavyofanya kazi kwa sababu hawajawahi kuja kutazama.

Basi Jumatatu moja akaja huyo mama na kitoto chake. Alikosea mlango, akaingia chumbani kwangu akiwa amekumbatia mtoto, mfuko begani, kamba ya kiatu imefunguka. "Shikamoo mama," aliniambia. Nilikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, sikumjibu. Nikamwonyesha kwa kidole mlango wa mkabala. Siku zote zilizofuata, akipita dirishani kwangu, alinisalimu vilevile, na siku zote nilikuwa na vibanio mdomoni au nilijifanya ninavyo.

Kitoto kilikuwa na miezi mitano, cha kike, kipara, na kilikuwa na tabia ya kumkazia macho mtu bila kupepesa mpaka unaanza kukumbuka makosa yako. Mpishi alikiangalia mara moja tu akakiita Hakimu, na jina likashika. Baba mtu alikuja siku ya kwanza tu. Alipiga picha mlango, akapiga picha kitanda, akapiga picha Ratiba ya Kuzoea, akasema pazuri hapa, akaondoka kurudi kwenye minara yake ya simu huko milimani. Kwa mchango huo nadhani alijiona amelea.

Mama mtu anafanya kazi kiwanda cha chupa, upande wa ukaguzi. Chupa zinapita mbele ya taa, yeye anaziondoa zenye ufa. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha, na Jumatatu ya baada ya zile siku kumi alitakiwa awe mbele ya taa yake, la sivyo kiti kingepata mtu mwingine. Mama yake alishafariki, mama mkwe yuko mbali na miguu imemvimba. Haya yote niliyajua kwa sababu alimweleza Mkuu koridoni, na ukuta wangu ni mwembamba.

"Mama, utaratibu wetu uko wazi," Mkuu alimjibu kwa ile sauti yake ya barua. "Siku ya kumi, kama mtoto hajanywa hata nusu chupa akiwa na mlezi, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Si mimi, ni utaratibu."

Si yeye, ni utaratibu. Na utaratibu huo aliuandika nani, mimi?

Wiki ya kwanza ilipita salama, kwa maana kwamba mama alikaa mle ndani karibu muda wote, kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Hakimu alinyonya, akalala, akatazama watu. Shangazi akachora nyuso zinazocheka tano mfululizo. Nilimwambia mpishi kuwa hata mimi ningecheka nikiwa na mama yangu pembeni.

Jumatatu ya siku ya sita mama aliondoka. Akasimama nje ya geti, mpishi alimwona, akiwa ameshika vyuma kwa mikono miwili. Ndani Hakimu alilia. Nimesikia watoto wengi wakilia katika maisha haya, na mashine zangu huwa zinawafunika wote. Huyu mashine zilimshindwa. Shangazi alijaribu chupa ya chuchu laini, akajaribu kijiko, akajaribu kikombe, akajaribu kutembea huku anaimba. Hakimu alifumba mdomo na kugeuza kichwa. Alikubali vijiko viwili tu vya maziwa, na vyote viwili akavitapika kwenye bega la Shangazi. Nilijua kwa sababu aproni ilinifikia mimi.

"Kadekezwa," nilimwambia mpishi. "Miezi mitano anabebwa kutwa, leo aambiwe ashuke? Njaa itamfunda."

"We mama una roho ngumu," mpishi alisema.

"Nina roho safi," nilimwambia, na nikarudi kwenye sinki langu.

Jumanne mfuko wa Hakimu uliletwa kwangu kama kawaida. Nepi, sawa. Nguo za kubadilisha, sawa, zimefuliwa kwa sabuni ya kipande, mtu anajitahidi. Chupa mbili za maziwa aliyokamua, nikazitia kwenye friji ya jikoni. Chini kabisa, imefungwa ndani ya nepi, nikakuta fulana ya kulalia ya mtu mzima. Ya kijivu, imelegea shingo, madoa ya maziwa yamekauka kifuani, na inanuka jasho na maziwa yaliyochacha. Niliiinua kwa vidole viwili.

Nilisema peke yangu, kwa sauti, kwamba sasa mambo yenyewe ndiyo haya. Mwanamke mzima, msomi wa kukagua chupa za watu, mfuko wa mwanawe ameugeuza tenga la nguo chafu. Tena ameficha, maana yake anajua. Ningeweza kuipeleka kwa Mkuu kama nilivyopeleka ule mdoli. Nikaifikiria ile kamba ya kiatu iliyofunguka, nikaamua kumsitiri. Niliifua kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu, nikaisuuza mara mbili, nikaikausha, nikaipiga pasi, nikaikunja mara nne na kuirudisha palepale chini ya mfuko. Saa tatu kamili mfuko ulikuwa mlangoni kwa Shangazi. Nilijiona mwema, nasema kweli. Nilimdharau yule mama na nikamsitiri, na vyote viwili vilinipendeza.

Siku hiyo Hakimu alilia kuliko Jumatatu.

Jumatano nikakuta nyingine, ya bluu, ina tundu kwapani. Alhamisi nikakuta ya njano, pana, bila shaka ya mume, nayo imelaliwa mpaka imejikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Hapo nilicheka. Nikasema huyu mama ana bahati, amepata dobi wa bure na hata asante hasemi. Zote mbili nilizifua vilevile, maji ya moto, dawa, pasi, kunja nne. Ile ya bluu niliishona hata tundu.

Na siku zote hizo, mtakuwa mmeshaliona, Hakimu hakunywa. Uso ulionuna Jumanne, uso ulionuna Jumatano. Shangazi alikuwa na duara jeusi chini ya macho. Mama alikuwa anapita dirishani kwangu bila kuinua kichwa, lakini salamu hakuacha. Mkuu alishafungua orodha yake na kumpigia simu mzazi anayefuata, amwambie ajiweke tayari. Nilimsikia.

Alhamisi alasiri nilikuwa dirishani nakamua shuka moja kwa mkono, mashine ikiwa imejaa. Mama alikuja kumchukua Hakimu. Shangazi alimtokea mlangoni, na mkononi ana fulana tatu, ya kijivu, ya bluu na ya njano, zimekunjwa mara nne.

"Mama, nilikuomba kitu kimoja tu," Shangazi alisema.

"Na nimekileta. Kila siku nimekileta."

"Umeleta fulana zilizofuliwa. Tena zimepigwa pasi."

"Sijafua, Shangazi."

"Nilikwambia usione haya. Lala nayo, usiifue, iweke chini kabisa ya mfuko wasikusumbue watu. Mtoto anataka harufu yako. Naitandika begani wakati nampa chupa, namlaza juu yake, anajua hujampotea. Sasa unaniletea hizi zinanuka duka la sabuni. Atakunywaje?"

"Naapa sijafua."

"Usiape, mwanangu. Wenzako wengi wanafua, wanaona aibu kunipa jasho lao. Simlaumu mtu. Lakini kesho ndiyo siku ya kumi."

Yule mama alizitazama zile fulana. Akaigusa ya bluu pale kwapani, penye uzi wangu, akavuta uzi kidogo kwa kucha. Nilidhani atasema kitu kuhusu tundu. Akasema, "Basi labda nimefua. Silali, Shangazi. Usiku nanyanyuka nafua kila ninachokiona, nusu nimelala. Labda hata nimeshona. Sijui tena ninachofanya."

Shuka lilikuwa mikononi mwangu, linachuruzika. Nilisimama nalo mpaka maji yakaingia viatuni.

Kulikuwa na hatua kumi kutoka sinki langu hadi pale walipokuwa. Ningezitembea, nikasema mimi ndiye, na jambo lingekwisha. Badala yake nilitafuta wa kumlaumu. Nikampata Shangazi: kwa nini hakuniambia? Sheria ya mfuko anaijua. Angekuja, angesema Mama Povu, chini ya mfuko kuna fulana, usiiguse. Kumbe nilijua kwa nini hakuniambia. Angeniambia, ningekwenda kwa Mkuu na koleo langu. Nikamlaumu Mkuu na sheria yake, na sheria hiyo, mkitaka ukweli, niliiomba mimi mwenyewe. Nikakosa mtu. Nikamaliza kukamua shuka, nikalianika, nikaenda nyumbani bila kuaga, na njia nzima niliwasema wote hao kimoyomoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Ijumaa mfuko uliletwa saa moja na dakika kumi. Nilifunga mlango wangu, jambo ambalo silifanyi. Fulana ilikuwa chini ya mfuko, ya kijani, na ilikuwa bado na uvuguvugu. Hakuwa ameivua asubuhi. Alikuja nayo ndani ya blauzi yake mpaka getini, akaivua mahali fulani, chooni labda, akaitia mfukoni ikiwa na joto lake, ili safari hii asiwe na nafasi ya kuifua hata akitaka. Alikuwa anajilinda na mikono yake mwenyewe. Mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Nitawaambia jambo la kijinga. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua mlango wa mashine. Sikuuamuru. Miaka ishirini na sita mkono unaona doa unafungua mlango.

Niliisogeza ile fulana puani, si kwa vidole viwili safari hii, nikainusa vizuri. Maziwa, jasho, na harufu ya kichwa cha mtoto mchanga ambayo kila mtu anaijua. Nikamkumbuka mwanangu wa kwanza. Yule jirani niliyemwachia aliniambia siku moja kwamba mtoto halali mpaka ashike kilemba changu cha kazini, kile nilichokisahau kwake. Nilikwenda kukichukua. Kilikuwa kimelowa mate, kinanata. Nikakichemsha sufuriani, nikakirudisha kikiwa cheupe kabisa. Jirani alisema mtoto alikinusa, akakitupa, hakukitaka tena. Mimi nilicheka, nikasema basi nimemtibu. Miaka yote hii nimekuwa nikikisimulia kisa hicho kwa majivuno, na watu wamekuwa wakicheka nami, au nadhani walikuwa wakicheka nami. Mwanangu huyo sasa ana watoto wawili. Akija kwangu anakaa kiti cha karibu na mlango, na wajukuu hawalali kwangu hata siku moja, wanasema nyumba ya bibi inanuka hospitali.

Sikulia. Nilikasirika. Nilikasirika na kile kilemba, na yule jirani ambaye hakunizuia, na mimi mwenyewe zaidi ya wote, mwanamke niliyejua kutoa madoa ya damu na ya chai na ya wino, na nikadhani hiyo ndiyo akili.

Niliirudisha fulana ndani ya nepi yake, chafu kama ilivyokuja. Sikungoja saa tatu. Niliubeba mfuko mwenyewe, nikauweka mlangoni kwa Shangazi saa moja na nusu, nikaondoka kabla hajaniona.

Mama aliondoka saa mbili. Hakimu alianza kilio chake hapohapo. Nilizima mashine zote tatu, jambo jingine ambalo silifanyi, na nikasimama dirishani nikijifanya nakunja vitambaa. Shangazi aliacha mlango wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilimwona. Alifungua mfuko, akaitoa fulana, akainusa mara mbili. Halafu akaitandika begani, akamlaza Hakimu juu yake, pua ikaingia kwenye shingo ya fulana. Kilio hakikukatika mara moja, msidhani ni miujiza. Kilipungua, kikapanda tena, kikawa cha kunung'unika, kikawa kwikwi. Shangazi alikuwa anatembea kwa hatua fupifupi. Robo saa hivi ilipita. Alipoleta chupa, Hakimu aligeuza kichwa, akakutana na fulana, akashika kipande chake kwa ngumi, na akiwa ameshika hivyo akafungua mdomo.

Alikunywa ikapita nusu. Ikapita robo tatu. Mkuu alikuja amevaa miwani yake puani, akaitazama chupa dhidi ya mwanga, akaandika, akasema, "Vizuri sana, mnaona utaratibu unavyofanya kazi." Nilikaa chini juu ya tenga la mashuka machafu. 

Saa nane mama alikuja mbio. Shangazi alimpa chupa tupu aishike, na yule mama aliishika kama wanavyoshika vyeti siku ya kuhitimu. Akaanza kulia. Shangazi alimpigapiga mgongoni.

"Unaona sasa?" Shangazi alisema. "Ungenisikia tangu Jumanne tusingeteseka hivi."

"Nisamehe, Shangazi," yule mama alisema. "Nilikudanganya. Kweli nilikuwa nafua."

Hilo ndilo lililonitoa. Mambo mengine yote ningeweza kuyameza. Nafasi ameipata, kiti chake kiwandani anacho, mtoto amelala, ningekaa kimya na dunia ingeendelea. Lakini alikuwa anaomba msamaha kwa kosa langu, na alikuwa anaamini kwamba ni lake.

Nilizitembea zile hatua kumi.

"Hakufua," nilisema. "Nilifua mimi. Zote tatu. Mfuko unapita kwangu."

Shangazi aligeuka polepole, kama anavyofanya kila kitu. "Tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne. Nilidhani ni nguo chafu zimesahaulika."

"Na jana?" alisema. "Jana tulipokuwa tumesimama hapa, wewe si ulikuwa pale dirishani?"

"Nilikuwa dirishani."

 Ningependa angenipa vidonge vyangu, nina majibu ya kila aina kwa watu wanaonigombeza. Alinitazama tu, na Hakimu naye begani kwake akawa amefumbua macho, ananitazama vilevile. Mama alifuta uso kwa kiganja. Nilimngoja aniulize kwa nini, nimweleze habari za kunguni na vijidudu na wodi.

"Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa, mama," alisema taratibu. "Jana usiku niliogopa kumwogesha mwanangu. Niliogopa ningemsahau kwenye maji."

  Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, ili mama asimbebe kabla ya kufunga kamba ya kiatu, ambayo ilikuwa imefunguka tena. Ni kitu pekee nilichokiona cha kufanya. Shangazi alinipa, sijui kwa nini. Hakimu alinusa shingo yangu mara moja, sabuni na dawa za miaka ishirini na sita, akakunja uso, akapiga ukelele uliomleta mpishi kutoka jikoni. Mama akamchukua. Waliondoka bila salamu, na ilikuwa mara ya kwanza.

Jumatatu akaenda kiwandani kwake. Siku kumi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mfuko wa Hakimu haukupaswa kupita kwangu tena. Lakini mtu wa mapokezi ni mtu wa mapokezi, akauleta kwa mazoea, akaubwaga mezani na kwenda zake. Nilitaka kuupeleka mlango wa pili bila kuufungua. Nikaona juu kabisa, si chini tena, fulana ya kijani ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa mafundo matatu ya kukaza. Kipande cha karatasi kilibanwa pale kwa kibanio cha nguo. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa wazi, kama unavyomwandikia mtu usiyeamini kuwa ataelewa.

Shikamoo mama. Hii isifuliwe.

Niliisoma mara mbili. Kibanio nilikuwa nacho mkononi, mdomoni hamkuwa na kitu, na chumbani hamkuwa na mtu ila mashine.

"Marahaba," nilisema.